Gridi Inaanzia Kona Ipi?

Kijiwe cha soko la Custom, Juba, hakikuwa na jiwe hata moja. Kilikuwa ubao wa jukwaa la ujenzi, wenye madoa ya saruji, uliolazwa juu ya bloku mbili mbele ya duka la vifaa, pale ambapo jenereta ya mwenye duka ilitoa vitu viwili bure: moshi, na umeme wa kuchaji simu. Mbele ya ubao aliketi Tisa na jiko lake la makaa na jebena lake, birika la udongo, akimimina kahawa ya tangawizi kwenye vikombe vyenye ukubwa wa yai. Lugha ya ubao huo ilikuwa Kiswahili, kwa sababu kila aliyeukalia aliwahi kuikimbia nchi hii akarudi, huyu na Kiswahili cha Uganda, yule na cha Kenya, kama watu waliotoka masoko tofauti na mizigo tofauti. Ilikuwa Februari ya 2017, saa tatu asubuhi. Mjini bunduki zilikuwa zimenyamaza tangu Julai, ila barabara zilikuwa bado hazijapelekewa habari hiyo.

Natalina alikaa mwisho wa ubao, laptopu magotini, waya wake umechomekwa dukani. Kazi yake ilikuwa kukadiria vifaa katika kampuni ndogo ya ujenzi, na kufikia saa tano alitakiwa kumpa namba moja tu dereva aliyeitwa Loro. Loro alikuwa amesimama katika duka la vigae kule Gulu, upande wa Uganda, lori likinguruma nje. Akichelewa angeikosa konvoi ya alfajiri, msafara wa magari yanayolindwa na askari kutoka mpakani, na konvoi nyingine ingetoka lini, hata wanaoiongoza hawakujua. Vigae vilikuwa vya wadi ya wazazi inayojengwa Rejaf, ambako akina mama walikuwa wanajifungulia kwenye hema. Mkunga alikwishasema: sakafu isipokamilika, hafungui mlango.

Rejaf si mbali, nusu saa kwa bodaboda na vizuizi viwili. Natalina hakuwahi kufika. Alikuwa na ramani.

— Dada, umeandika namba tatu, alisema mtu aliyechungulia begani kwake. Umeulizwa moja.

Huyo alikuwa Lokosang, mfanyabiashara wa vitunguu aliyekulia Nairobi. Walimwita Konvoi, maana alikuwa amesafiri na konvoi nyingi mno hivi kwamba hata msalani alikwenda akitazama nyuma.

— Najua ni tatu, alisema Natalina. Ndiyo shida yenyewe.

— Si kompyuta inahesabu? Ama imechoka?

Natalina akageuza kioo cha laptopu kuelekea kwenye ubao. Alikuwa mtu wa kueleza jambo mpaka lieleweke, hata kwa asiyeuliza. Chumba kilichorwa kwa rangi ya kijani: mita kumi na mbili na nusu-kasoro, yaani kumi na mbili na sentimita thelathini, kwa saba na nusu. Juu yake programu ilitandaza gridi, wavu wa miraba, kila mraba kigae kimoja cha sentimita arobaini kwa arobaini.

— Nikigawa eneo tu, napata mia tano sabini na saba. Lakini kigae hakimiminwi kama uji, pembeni lazima ukate. Basi naweka gridi. Nikiianzia kona ya mlangoni, programu inahesabu kila mraba uliogusa chumba, hata kama umegusa kwa ukucha: mia tano themanini na tisa. Nikiweka kiungo cha miraba, pale inapokutana, katikati ya chumba, mia sita na arobaini.

— Chumba kilekile?

— Kilekile.

— Hakijanenepa?

— Hakijanenepa. Ukianzia katikati, pande zote nne unabaki na vipande, na kila kipande kinahesabiwa kama kigae kizima. Programu haikumbuki kwamba kipande kilichobaki huku kinaweza kuziba kule.

— Wallahi, alisema Konvoi, hiyo programu ni ya serikali.

Wakacheka. Natalina hakucheka. Lori la Loro lilikuwa na nafasi ya katoni sitini tu, vigae kumi kila katoni; kwingine kote kulijaa unga wa watu. Sitini ni vigae mia sita. Mia sita na arobaini hazikuwa na mahali pa kukaa.

Na kulikuwa na lile jingine, ambalo hakuna aliyelitaja mpaka likatajwa.

— Hii si itakuwa kama ile dimbwi yako ya shule? aliuliza mzee aliyekaa katikati ya ubao, jicho moja limefumbwa. Watoto iko naruka mpaka leo.

Mzee huyo ni Igga, fundi mstaafu, jina lake la kijiweni Jicho. Na dimbwi lilikuwa la kweli. Mwaka uliopita Natalina alipungukiwa na vigae kumi na kimoja katika darasa moja. Vikanunuliwa vingine hapo sokoni, vya bluu, vikawekwa katikati ya sakafu nyeupe kama maji yaliyomwagika. Wanafunzi waliliita Dimbwi la Natalina. Bosi wake alimwambia kwa upole, upole unaotisha kuliko kelele: likitokea dimbwi la pili, utarudi kujaza fomu ofisini, na ramani nitampa mwanamume.

— Nilipungukiwa kumi na kimoja kati ya mia nane na nne, alisema. Hiyo ni chini ya asilimia moja na nusu.

— Lakini ni bluu, alisema Jicho.

Tisa akampa Natalina kikombe bila kuulizwa.

— Mwacheni mtoto wa watu. Wewe Jicho ulijenga banda la kuku, kuku wakawa wanaingia kinyumenyume.

— Hiyo ilikuwa kuku ya kisasa! Sikiliza, binti. Mimi nafanya kazi hii miaka thelathini. Sijawahi shika futi ya kupimia. Mimi nasimama mlangoni, nafunga jicho moja, naangalia, khalas. Hii chumba yako iko mia tano. Basi.

— Mia tano kamili?

— Kamili.

— Kwa nini unafunga jicho moja? aliuliza Konvoi.

— Ukitumia mbili unaona nyingi. Inafanya mwenye nyumba anakasirika.

— Mwenye macho haambiwi tazama, ilisema sauti nzito kutoka upande wa jenereta. Anaambiwa nunua miwani.

Hiyo ilikuwa sauti ya mzee aliyeitwa Albino, ambaye walimwita Katekista kwa sababu kweli alifundisha katekisimu miaka tisa kambini Uganda, na tangu hapo hakuna methali iliyopita mbele yake ikatoka salama.

— Natalina, mwanangu, aliendelea, usihangaike na vipande. Wahenga walisema, kata pua uunge wajihi. Maana yake nini? Maana yake kata kigae hiki uunge kile. Walikuwa mafundi wale wazee.

— Haina maana hiyo, Katekista.

— Ina maana gani?

Natalina akatazama saa ya laptopu. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini.

— Nyinyi wote mnapiga hesabu ya sakafu, alisema Konvoi akisimama, kikombe mkononi kama kipaza sauti. Hesabu ya kweli ni ya barabara. Maze, kutoka Nimule hadi hapa nilihesabu rodibloku kumi na nne. Kila moja inaomba kitu. Wakishachoka na unga, wanaomba mzigo. Kuna afande mmoja pale njiani, amekalia kiti chini ya mwembe, na chini ya kiti ameanza kuweka taili, vigae kama hivi vyenu. Nawaambia! Safari ya kwanza niliona mbili. Safari ya pili, sita. Safari ya mwisho alikuwa amefika kwenye mizizi, anaulizia kama kuna lori la saruji.

— Ameanzia kona au katikati? aliuliza Tisa.

— Ameanzia kwenye kiti!

— Basi huyo atamaliza, alisema Tisa. Anayeanzia kwenye kiti hana haraka.

— Kwa hiyo dada, mia tano themanini na tisa, ongeza moja kila rodibloku, ongeza zile za kuvunjika lori likiingia shimoni, ongeza ya dereva...

— Dereva ya nini? aliuliza Jicho.

— Dereva pia ana sebule.

Jicho alikataa. Vizuizi, alisema, ungeweza kuvikwepa kwa kuvipanga vigae chini ya lori, tumboni, vikatazama ardhi, na askari hawapendi kuinama. Konvoi akasema bora vifungwe kwenye majeneza, jeneza halifunguliwi. Tisa akasema siku hizi linafunguliwa. Kila mtu akatazama alichokuwa nacho mkononi.

Katekista ndiye aliyewainua vichwa, na aliwainua kwa nyundo.

— Mimi hii gridi naijua, alisema. Ninyi hamjaielewa. Si mlikuwa na majimbo kumi? Nchi ilikuwa na majimbo kumi. Hapo walianzia kona, vizuri, taratibu. Akaja mtu akasema, hapana, tuanzie katikati! Ishirini na nane. Mwezi uliopita tumeamka, thelathini na mbili. Ardhi imeongezeka hata futi moja? Haikuongezeka. Ni vipande tu, na kila kipande kinahesabiwa kizima, kina gavana wake, kina gari lake. Shemeji yangu ana mbuzi analala jimbo hili, anakula jimbo lile. Sasa hajui amlilie nani.

— Katekista, alisema Tisa kwa sauti ya chini. Kuta zina masikio.

— Hapa hakuna ukuta.

— Ndiyo mbaya zaidi.

Ni wakati huohuo kivuli kilipita mbele ya jiko. Mwanamume mrefu, miwani nyeusi, viatu vyenye vumbi, akakaa mwisho wa ubao, kando ya Natalina, bila salamu. Ubao wote ukainuka kidogo upande wa pili, na hakuna aliyelalamika. Juba ya mwaka ule, mtu wa miwani nyeusi asiyesalimia hakuulizwa anakotoka.

— Mvua itachelewa mwaka huu, alisema Jicho.

— Itachelewa sana, alisema Konvoi.

— Thelathini na mbili, alisema Katekista, jasho likimtoka, ni namba nzuri mno. Mimi nasema kila siku. Hata meno ya binadamu ni thelathini na mbili. Mungu mwenyewe ndiye alianza.

Tisa akamimina kahawa, akampa mgeni. Mgeni akanywa taratibu. Kisha akageuza uso mzima kuelekea kwenye laptopu, akaitazama muda mrefu. Natalina alihesabu vifungo vya shati la mgeni huyo, vitano, kimoja si cha rangi yake. Akavihesabu tena. Aliwaza kama angeifunga laptopu polepole, ingeonekana kama mtu anayeficha au kama mtu anayemaliza kazi?

— Hiyo ni wadi ya Rejaf, alisema mgeni.

Halikuwa swali. Natalina akaitikia kwa kichwa.

— Na umeanzia kona ya mlangoni.

— Ndiyo. Lakini naweza kuanzia... Ndiyo.

Mgeni akavua miwani. Jicho lake la kushoto lilikuwa jekundu, limevimba, na kope zake zilikuwa na unga wa kijivu ambao kila aliyekaa pale aliujua: saruji.

— Kona hiyo, aliuliza, nani ameiona?

Natalina alitazama kioo. Kona ilikuwa palepale, nyuzi tisini, safi kama karatasi. Jicho alitazama ndani ya kikombe kwa macho yote mawili.

— Namaanisha, kuna mtu hapa amefika pale? Mimi naitwa Lukudu. Ndimi fundi wa pale. Nimekuja kununua misumari.

— Fundi! alifoka Konvoi. Na umekaa hapo kama mtu wa usalama! Buda, karibu utuue!

— Jicho langu linauma. Niliazima miwani. Nanyi mlikuwa mnazungumzia meno, sikutaka kuwakatiza.

Kicheko kilipasuka kwenye ubao, kicheko cha watu walioona jeneza likipita na jina la mwingine. Natalina peke yake alibaki ameshika laptopu kwa mikono miwili.

— Kaka Lukudu, kona ina nini?

— Haipo. Ardhi ilitolewa na ukoo wa marehemu mzee Gune. Walisema jengeni, ila babu yetu amezikwa hapo, msimkanyage. Nilipovuta uzi kwa ramani yenu, ulipita kifuani kwake. Nikampigia bosi. Akasema, pindisha. Nikapindisha ukuta, ukamzunguka mzee. Sasa mlango uko kando.

— Bosi hakuniambia.

— Nilimuuliza, ofisini wanajua? Akasema kule kuna kompyuta, itajua.

Hata Tisa alicheka hapo, mkono mdomoni. Natalina alihisi masikio yakiwaka. Namba tatu zile zilikuwa bado kwenye kioo, zimepangwa vizuri, kila moja sahihi kabisa, za chumba ambacho hakikujengwa popote.

— Basi chumba kimepungua, alisema haraka. Kama kona imekatwa, mia sita zitatosha.

— Hakikupungua. Vitanda ni vinane, mkunga alisema vinane. Tulipokata mbele, kimoja kikakosa mahali. Tukasogeza ukuta wa nyuma.

— Mliusogeza kiasi gani?

— Kitanda kimoja.

— Kitanda kina urefu gani?

Lukudu alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu, hakutaka kusema uongo.

— Cha kulala mtu. Tulikileta kimoja kwa bodaboda, tukakilaza chini, tukapitisha uzi.

— Futi mlikuwa hamna?

— Ilichukuliwa kizuizini.

— Nimesema! alipiga kelele Konvoi. Nimesema ama sijasema?

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Katekista kwa huzuni. Ndiyo maana mafundi hawazibi ufa. Wanautaka ukuta.

Simu ya Natalina ikalia. Ilikuwa saa nne na nusu. Loro alikuwa anapiga kelele juu ya injini yake mwenyewe.

— Dada, nipe namba! Wenye unga wananitukana!

Natalina alifumba macho. Tangu Julai alikuwa hajavuka kizuizi hata kimoja. Alikuwa akisema kazi ni nyingi, betri ni ndogo, ramani inatosha. Na kila alipoyasema hayo, alizidi kuongeza tarakimu baada ya nukta kwenye hesabu zake. Kama vigae vingepungua, aliwaza, angalau apungukiwe na vigae vya chumba alichokiona.

— Pakia sitini, alisema.

— Zinatosha?

— Sijui.

Neno hilo lilimtoka bila ruhusa. Alingoja aone lingemfanya nini. Loro alisema tu sawa dada, akakata simu.

— Lori likiwahi litachukua siku tatu, alimwambia Lukudu. Chaki unayo?

— Ninayo.

— Nakwenda nawe. Nitaichora gridi palepale, sakafuni, mraba kwa mraba. Tutajaribu kila kona mpaka tupate isiyopoteza vipande. Na vikipungua, nataka vipungue chini ya kabati, asikanyage mtu. Rangi nyingine siitaki. Barabara iko vipi leo?

— Asubuhi ilikuwa wazi.

— Na sasa?

— Asubuhi ilikuwa wazi, alirudia Lukudu, kwa sababu hicho ndicho alichokijua.

Natalina akachomoa waya, akaukunja mara tatu kama alivyoukunja siku zote, akafunga laptopu ndani ya begi. Jicho akakohoa. Akaingiza mkono ndani ya koti lake la miaka yote, akatoa kitu cha duara, ndani ya nailoni yake ya dukani, haijafunguliwa.

— Chukua hii.

Ubao ukakodoa macho.

— Jicho! alisema Tisa. Miaka thelathini unajisifu! Una futi?

— Iko ya dharura.

— Ya mita ngapi?

— Sijui. Sijafungua.

Natalina akaipokea kwa mikono miwili.

— Asante, mzee. Nitaificha vizuri kizuizini.

— Ficha kwa sketi, alisema Konvoi. Na wakikuuliza unaenda wapi, sema kujifungua.

Alipopanda bodaboda nyuma ya Lukudu na kiroba cha misumari, ubao wote uligeuka. Walimtazama mpaka pikipiki ikamezwa na vumbi lake kwenye kona ya soko. Mahali pa Natalina mwishoni mwa ubao palibaki wazi, na ingawa Konvoi alikuwa amebanwa na Jicho, hakuna aliyesogea kupajaza.

— Hapo alipokaa, alisema Konvoi baada ya muda, panaenea vigae vingapi?

— Kimoja, alisema Jicho, jicho moja limefumbwa.

— Inategemea, alisema Katekista. Unaanzia wapi?

Wakamgeukia Tisa awaamue. Tisa aliinua jebena, akalitikisa karibu na sikio, akalipindua juu ya makaa. Halikutoa hata tone.

— Imekwisha, alisema. Nendeni mkaangalie wenyewe.